Aliyetema Divai Yake

Mama mkwe wangu hakuwa amewahi kunywa kitu kutoka mkononi mwangu kabla sijakinywa mimi. Chai, maji, mchuzi wa kuku, hata dawa ya kikohozi niliyomnunulia ikiwa imefungwa: naonja, anatazama koo langu likishuka, ndipo anapokea. Huku Lubumbashi tunaita kutosha sumu, yaani kuitoa. Ni adabu kwa mgeni, na mtu mwenye adabu hakasiriki. Mimi nilikasirika. Binti zake walipomletea kikombe alikigugumia bila hata kukitazama. Mimi nimeolewa na mwanawe, nimemzalia wajukuu wenye masikio kama yake, lakini bado nilikuwa yule mwanamke wa Kivu aliyeshuka na lori la maharage. Wao ni Wakatoliki wa kaskazini ya Katanga, watoto wa reli, na kwa mama mkwe mtu aliyekua bila kusikia treni ana jambo analolificha.

Nilichotaka kilikuwa kidogo: siku moja tu, anywe kwanza yeye.

Nina depo ya vinywaji Kampemba. Nauza bia kwa jumla, na siku hizi divai pia, maana harusi isiyo na divai mezani inasemwa mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Ndipo nikapata mwaliko wa kuonja divai katika hoteli moja upande wa Karavia, na kuonana na wakulima wenyewe, mume na mke kutoka Afrika Kusini. Mwaliko ulikuwa wa watu wawili. Mume wangu alikuwa safarini, na shetani wangu mdogo akaninong'oneza: mchukue mama yake. Nilitaka sana kuona huko atamwonjesha nani.

Alivaa kitenge chake cha Pasaka, akabeba mkoba mkubwa. Sikumuuliza una nini.

Ukumbini tulikuta chupa zimeshafunguliwa, zimesimama mezani bila vizibo. Hapo hapo mambo yakaharibika. Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Mhudumu akikuletea bia iliyofunguliwa huko nyuma, unamwambia arudi nayo akainywe mwenyewe. Mke wa mkulima, ambaye alijua Kifaransa, alieleza kwamba divai inaachwa ipumue. Nikamfasiria mama mkwe.

"Ipumue? Iko mugonjwa?" akauliza, kwa sauti anayoimbia kwaya.

Mkulima akasimama. Alikuwa mzee mrefu, na kucha zake zilikuwa na udongo ambao hata sabuni ya hoteli haikuuweza. Akamimina divai nyeupe, akaizungusha kwenye glasi, akainusa kama tunavyonusa samaki wa Kasenga kabla ya kulipa, akaitia kinywani, akaisukutua shavu hili na shavu lile. Kisha akainama, akaitema ndooni.

Wafanyabiashara wenzangu, na tai zao shingoni, nao wakatema. Wengine walijua desturi hiyo, wengine walijifanya. Mama mkwe alinishika mkono kwa nguvu.

"Umeona? Mwenye alitengeneza njo anatema! Eye anaijua, njo maana hamezi. Na hawa bajinga banamufwata. Mwambie ameze!"

Sasa, kati ya Kiswahili chake na Kiingereza cha mkulima nilikuwepo mimi na Kifaransa changu, na katika nafasi hiyo mtu mwenye roho mbaya kidogo anaweza kustarehe. Nikamwambia mke wa mkulima, huku natabasamu, kwamba mama anaisifu rangi ya divai. Mkulima akafurahi, akaweka mkono kifuani.

"Anasema nini?" mama mkwe akaniuliza.

"Anasema dokteri alimukatalia kunywa, mama."

"Dokteri alimukatalia sumu yake!"

Hakuningoja tena. Alinyanyuka, akaenda hadi mezani, akamshikisha yule mzee glasi, akajigusa koo na kumeza mate, taratibu, ukumbi mzima ukiona. Hapo hapakuhitaji mkalimani. Nikalazimika kusema ukweli: mama anataka bwana ameze. Yule mke akacheka kwa aibu, akasema mumewe akimeza kila glasi katika kila mji, atarudishwa kwao amebebwa.

"Miye nikipika bukari, ninakulaka bukari," alijibu mama mkwe; bukari ni ugali wetu.

Kisha akafungua mkoba. Humo mlikuwa na bakuli la plastiki, na ndani yake samaki wa kukaanga, wa Kasenga, waliopakwa pilipili. Alikuja na chakula chake kwa sababu jiko la hoteli hakulijua. Akakata kipande, akala yeye mwenyewe mbele ya mkulima, akaachama kumwonyesha kwamba kimeshuka. Ndipo akampa kipande cha pili. Nikaeleza mambo ya kutosha sumu, safari hii bila kuongeza chumvi, na yule mzee akaelewa mara moja. Akatafuna. Pilipili ikampata. Macho yakajaa machozi, akanyakua glasi, akameza yote, akajimiminia nyingine, akameza na hiyo. Akasema maneno, na mkewe akacheka sana: hajawahi kuinywa divai yake na kitu kitamu hivyo, na kwao, wakati wa mavuno, hakuna mjinga anayetema.

Mama mkwe akaridhika. Mkulima akajaza glasi safi, akaionja, akampa kwa mikono miwili. Alijifunza haraka. Mama mkwe akaipokea, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaileta mdomoni mwangu.

"Onja."

Nikaonja, mbele ya watu ninaofanya nao biashara. Uso uliniwaka kwa aibu. Mkulima alitutazama, akauliza kitu, na mkewe akaniletea kwa Kifaransa: "Divai ni yangu, na nimeshaionja. Huyu anaonja ya nini? Si mwanao?"

Nilikuwa nimepindisha mengi siku ile. Hilo sikulipindisha. Nililifasiri neno kwa neno, polepole, nikimtazama usoni.

Mama mkwe akaitazama glasi. Ni mwanamke ambaye hata padri akihubiri humjibu, lakini hapo aliizungusha glasi kwanza, kama mkulima.

"Mwambie iko muke ya mutoto yangu," akasema mwishoni.

Nikamwambia. Mzee akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba ndilo jibu alilolitaka, akamkatia mama mkwe kipande kingine cha samaki.

Mama mkwe akanywa. Akasema ni chachu kuliko munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliolala, akaomba nyingine. Kabla hatujaondoka alikuwa amenichagulia divai ya kuuza deponi, akamfundisha mkulima kusema "pilipili", na garini alilala na bakuli tupu mapajani. Kuhusu lile swali hakutamka neno, nami sikumkumbusha. Niliogopa nikiuliza nitaharibu.

Asubuhi yake nilimpelekea chai uani kama kawaida. Nikainua kikombe kukipeleka mdomoni mwangu. Akanyoosha mkono.

"Leta."

"Sijaonja bado, mama."

"Miye nimekuambia uonje? Leta, inapoa."

Akapiga funda kubwa. Uso ukajikunja, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikutia sukari. Siku nyingine zote ningegundua mimi. Nilisimama nikisubiri kikombe kiruke. Ndoo ya maji ilikuwa pale miguuni pake, angeweza kutema. Alinitazama kwa macho yake yale yale makali, kinywa kimejaa, kisha koo lake likashuka.

"Kesho utie sukari," akasema.