Genowefa na Uzio wa Sosnówka

Genowefa Wilczek alizaliwa katika chumba kilichokuwa sebule ya daktari. Daktari mwenyewe hakurudi baada ya vita, na serikali ikaligawa jumba lake kwa familia tano: jiko moja, choo kimoja, magomvi yasiyohesabika. Majumba yote ya Sosnówka yalikuwa hivyo. Matajiri wa Warszawa, mji mkuu wa Poland, waliyajenga msituni mara tu treni ya umeme ilipofika, kila mmoja na ekari yake ya misonobari, wafanye kazi mjini na jioni wanywe chai wakisikiliza ndege. Dunia ikapinduka, wakaingia kina Wilczek. Ikapinduka tena, serikali ile ikaanguka, matajiri wakarudi, na kina Wilczek wakahamia kijumba ng'ambo ya reli.

Genowefa hakununa. Kwa miaka thelathini na mmoja aliuza tiketi pale stesheni, akiwajua watu kwa mikono iliyopita dirishani: wakili aliyetafuna kucha, muuguzi mwenye viganja vilivyochubuka kwa dawa. Kila asubuhi wenye majumba waliteremka kuiwahi treni ya mjini, na wanawake wa kupika, kufua na kulea wakashuka kutoka treni ya vijijini kwenda kwenye majumba hayohayo. Walipishana katika Njia ya Misonobari, iliyokata msitu kwa mwendo wa dakika nane.

Alipokwisha kustaafu ndipo akaja Bwana Drogosz, mwenye kliniki za meno. Alinunua viwanja viwili, kimoja kila upande wa njia, na Jumatatu moja ya Machi watu wakakuta njia imekatizwa kwa uzio wa chuma na kibao: Mali Binafsi. Ikabidi wazungukie barabara kuu, dakika arobaini, magari yakiwarushia tope.

Genowefa alimkuta Halina, mpishi wa Drogosz mwenyewe, ameketi stesheni akikanda kifundo cha mguu.

"Na wewe pia unazunguka? Si bosi wako huyo?"

"Mama, lango lake liko upande wa juu. Upande wa chini, huu wa stesheni, anasema ni wa mbwa wake."

Genowefa akaenda kugonga lango hilo la juu. Drogosz alitoka na kikombe cha kahawa mkononi.

"Bwana, umeziba njia ya watu."

"Njia gani, bibi? Nionyeshe kwenye ramani. Watu walizoea kukatiza tu. Nunua gari, upumzishe magoti."

"Haya, mimi ninunue. Na Halina anayekupikia supu naye anunue? Basi anza kumwongezea mshahara."

Drogosz alicheka, akafunga lango. Lakini kuhusu ramani hakukosea. Ile ya kwanza iliungua vitani, na baraza la mji halikuwa na karatasi hata moja yenye njia hiyo. Genowefa akawasilisha malalamiko, na kikao kikapangwa mwezi wa Mei.

Basi Genowefa akakaa akakumbuka. Utotoni walikuwa wakijikwaa njiani kwenye visiki vya chuma. Mama yake alimwambia ni vitako vya nguzo za taa. Nguzo zilikatwa wakati wa vita, vyuma vikapelekwa viwandani. Akachukua koleo la bustani, akaanzia stesheni, mahali ambapo uzio haukufika. Siku ya tatu koleo likalia. Akapangusa udongo: namba 3. Hatua arobaini mbele, namba 4. Akaendelea hivyo hadi namba 11, chini kabisa ya uzio.

Siku ya kikao wakili wa Drogosz alisema kwa madaha kwamba mazoea si sheria. Genowefa akasimama.

"Namba kumi na mbili iko ndani ya uzio wake. Tusibishane, twendeni."

"Chimbeni," alisema Drogosz. "Mtapata mizizi."

Wakaenda wote, na meya, Bi Teodozja Rak, akiwa na viatu vyake vya kisigino. Genowefa alihesabu hatua, akachimba. Mizizi. Akachimba pembeni. Mizizi tena. Wakili akatazama saa.

"Bibi, tukusaidie kukubali kushindwa?"

"Nisaidie kwa kunyamaza, baba."

Kwa hasira alikuwa amerefusha hatua. Alirudi uzioni, akahesabu upya, safari hii kwa hatua fupi kama za mama yake. Akakita koleo. Ngaa! Halina, aliyekuwa akichungulia kutoka jikoni, alipiga yowe kabla ya kuona chochote. Meya alipiga magoti, akapangusa chuma kwa skafu yake mwenyewe, akasoma kwa sauti: "Kumi na mbili. Mji wa Sosnówka, 1928."

Kisha akainuka, magoti yana matope.

"Bwana Drogosz, njia ambayo mji uliiwekea taa ni njia ya mji. Uzio utoke."

Ulitoka tarehe sita Juni. Treni ya vijijini ilipofika saa kumi na mbili na dakika arobaini, Genowefa alikuwa mwanzoni mwa njia na koti lake la Jumapili. Wanawake walishuka, wakamwona, wakaanza kupiga makofi, na wenye majumba waliokuwa wakiteremka kuiwahi treni yao, nao wakapiga. Hakuwa na safari yoyote asubuhi ile. Alimshika Halina mkono wakapanda taratibu katikati ya njia, umati wa wanawake nyuma yao, na hakuna aliyethubutu kuwapita, hata waliochelewa.

"Mama, ongeza mwendo, supu haitajipika!" Halina alimnong'oneza.

"Isubiri," alisema Genowefa. "Leo mji unatembea."