Ndege Aliyekosa Shahidi

Habari za kifo chake zilinikuta mtaa wa Mayfair, Johannesburg, baada ya swala ya Ijumaa, nikiwa nimeinama kuvaa viatu nje ya msikiti. Simu ilitoka kwa msusi wa Kikongo ambaye zamani tulipanga naye kwenye ua mmoja kule mtaa wa La Rochelle. Hakuzunguka. "Kaka, mlinzi wetu ametuacha. Ni mapafu. Tulimuzika juzi." Nikamuuliza kwa nini hakunipigia mapema. Akasema bila hasira, "Namba yako nilikuwa nayo. Lakini weye ni mutu wa kuondoka. Nilifikiri ulishaondoka." Nilibaki nimeshika kiatu kimoja mkononi, watu wakinipita, na nilijua kwamba maneno yale nilikuwa nimeyatafuta mwenyewe.

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba mji ule niliufikia kwa kuungaunga safari. Nilitoka Kondoa na cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa plastiki. Tunduma niliuza vitenge, Lusaka nikajifunza kupaka rangi nyumba, Harare nikakaa hadi kazi zikakauka, kisha nikapanda lori la mbao lililonivusha Limpopo na kunishusha Johannesburg mwaka 2015, alfajiri yenye baridi ambayo sikuwa nimevalia. Kila mji niliukumbuka vizuri zaidi baada ya kuuacha, na hakuna hata mmoja niliouachia jina langu kwenye karatasi. Niliona huo ni ujanja. Hata safu hii, kama mjuavyo, haina jina.

Marehemu alikuwa chumba cha tatu kutoka changu. Alikuwa mtu wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, mrefu, mwenye miaka hamsini na kitu, akilinda ghala la vipuri vya magari. Jumamosi asubuhi alitoka zamu, akanywa chai akiwa amesimama, na badala ya kulala akachukua darubini yake kuukuu, ambayo jicho moja lilikuwa na ukungu, akaenda kwa miguu hadi kwenye bwawa la matete nyuma ya vilima vya mchanga wa migodi. Huko alitazama ndege. Alikuwa na madaftari saba ya ndege. Pale uani jambo hilo lilikuwa kichekesho cha kila wiki. Msusi alimwita akiwa anasuka kichwa cha mteja, "Papa, hiyo ndege ya leo inaliwa ao hailiwi?" Naye alimjibu, "Mama, ukimuona vizuri umekwisha kula." "Eish! Basi usiku usigonge kwangu kuomba fufu."

Nilianza kumfuata kwa sababu ya udadisi tu, na kwa sababu Jumamosi sikuwa na kazi. Mwisho wa Agosti nyasi za kule ni nyeusi kwa moto wa kiangazi, na asubuhi ukingo wa maji una barafu nyembamba kama kioo cha saa. Lakini yeye alinionyesha kwamba majira yamekwishageuka. Mbayuwayu wa koo jeupe walikuwa wamerudi na kukusanya tope chini ya daraja. Minana, wasuka viota, walianza kupata manjano kifuani. Kweche dume, wale wa matete, walikuwa bado na kahawia yao ya baridi, ila mmoja mmoja alikuwa na madoa mekundu, kama mtu aliyeanza kuvaa nguo za sherehe akaitwa nje kabla hajamaliza. Aliniambia nisiseme "ndege mwekundu" bali niseme nimeona nini hasa: rangi iko wapi, mdomo ukoje, anarukaje. Kisha aliandika saa, upepo, idadi, na mwisho wa kila ukurasa maneno yale yale: tulikuwa wawili.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Septemba ya mwaka uliofuata. Nilikuwa nimechutama nikitafuta kokoto za kuweka chini ya birika letu, aliponishika bega. "Hapana songa. Iko pale, juu ya maji. Tazama mudomo." Nikatazama. Ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye mabawa marefu, alikuwa akiruka chini kabisa, mdomo umefunguliwa, sehemu ya chini ndefu kuliko ya juu, na ile ya chini ilikuwa ndani ya maji ikiyapasua. Nyuma yake uliachwa mstari mmoja ulionyooka. Alipita mbele yetu mara tatu. Rangi ya mdomo niliiona, nyekundu, na njano kwenye ncha. Mwenzangu alikuwa akilia. "Ni mkasi," alisema. "Iko wa kwetu, wa mtoni, pale Ruzizi inaingia ziwani. Huku hapana kuja. Kaka, huku hapana kuja kabisa."

Alikuwa mwanachama wa chama kidogo cha watazama ndege, wengi wao wastaafu wa Kizungu, wanaokutana Jumamosi moja ya kila mwezi kwenye ukumbi wa maktaba. Wana orodha ya ndege wa eneo lao, na wana desturi ambayo kwangu ilikuwa ngeni: ndege wa kawaida unamwandika mwenyewe, lakini ndege asiyetarajiwa hahesabiwi mpaka mtu wa pili aseme kwamba naye alimwona. Kuna fomu. Shahidi anaandika jina lake kamili, anapoishi, anatia sahihi, kisha anaulizwa maswali mbele ya kamati. Mwenzangu alinieleza hayo tukiwa njiani kurudi, akitembea upesi kuliko umri wake. "Pale ofisi ya wakimbizi nimeeleza vita ya kwetu mara tatu," alisema. "Mara tatu walisema hawaamini. Sasa nitaeleza ndege. Hii wataamini, maana weye uliona." Nikamwambia, "Niliona, kaka. Nitakuja." Aliniuliza tena mlangoni kwangu, nami nikarudia.

Kibali changu cha kukaa kilikuwa kimekwisha muda miezi mitano kabla. Niliifikiria ile fomu wiki nzima. Jina kamili, anapoishi. Nilijiambia kwamba karatasi ya Wazungu huweza kufika idara ya uhamiaji, kwamba mmoja wao angeweza kuwa na mkwe polisi, kwamba ndege ni ndege tu. Jumamosi ya kikao nilizima simu nikaenda Troyeville kupaka ukuta ambao mwenye nyumba hakuwa na haraka nao. Msusi aliniambia baadaye kwamba marehemu alivaa suti ya kanisani na kunisubiri kwenye lango la ua hadi akachelewa. Siku iliyofuata nilimkuta bombani. "Walisemaje?" nikauliza, nikitazama ndoo. "Walisema asante." Sikuomba radhi. Nilidhani amekwishawapa jina langu, na mwezi haukuisha nikahamia Troyeville. Jumamosi zilizofuata alikwenda bwawani peke yake. Mimi sikukanyaga tena La Rochelle, ingawa si mbali.

Nimeona wengi wetu tukiishi hivyo katika mji ule. Duka la jirani linavunjwa mchana, na watu kumi waliokuwa dirishani wanasema hawakuwapo. Mfanyakazi anasingiziwa na bosi wake, na wenzake waliosimama karibu wanakumbuka ghafla kwamba walikuwa chooni. Tunaogopa, na mara nyingi tuna haki ya kuogopa. Siwezi kumlaumu mtu asiye na karatasi kwa kukwepa karatasi. Lakini mimi sikuulizwa kuhusu wizi wala ngumi. Niliulizwa kama nilimwona ndege. Na hata kama nisingeweza kutia sahihi, ningeweza kwenda kusimama kwenye lango lile na kumwambia mtu mzima aliyevaa suti: naogopa, nisamehe. Hilo halikuhitaji kibali.

Baada ya simu ile, mwaka 2019, niliamua kuondoka Johannesburg. Siku ya safari ilikuwa Jumamosi ya kikao, nami nikapitia ukumbi wa maktaba na begi langu begani. Katibu, bibi mmoja mwembamba aliyekuwa akipanga vikombe, aliposikia jambo langu aliniketisha. Alimkumbuka marehemu vizuri. Nikamwambia kwamba mimi ndiye shahidi aliyemtaja, niliyeshindwa kuja. "Hakutaja mtu," alisema. Akaenda kabatini, akarudi na fomu. Mwandiko ulikuwa wa marehemu. Mahali pa shahidi alikuwa ameandika: nilikuwa peke yangu.

"Nilimuuliza mara mbili," bibi yule alisema, "kwa sababu ripoti zake zote za mwaka ule zilisema walikuwa wawili. Akasisitiza kwamba siku hiyo alikuwa peke yake. Kamati ikamwamini, na bila shahidi ndege hakuhesabiwa."

Mtu aliyetamani maisha yake yote aaminiwe katika kweli yake alisema uongo mmoja tu mbele ya watu wale, kwa ajili yangu, ili jina langu lisiwe kwenye karatasi, na huo ndio waliouamini.

Nikaomba kalamu. Bibi alinionya kwamba orodha ya mwaka ule imefungwa na ndege hatahesabiwa. Angeweza tu kuibana karatasi yangu nyuma ya fomu. Nikaandika hata hivyo: rangi ya mgongo, mdomo, ule mstari juu ya maji, mara tatu. Nikaandika kwamba tulikuwa wawili. Chini nikaweka jina langu lote, la baba na la babu, kwa mara ya kwanza katika mji ule, na saa mbili baadaye nikapanda basi la kuelekea kaskazini. Sikujisikia mwepesi. Karatasi ile ilimfikia kila mtu isipokuwa aliyeihitaji. Wewe unayesoma, kama kuna jambo la mwenzako uliliona kwa macho yako, mwambie mwenyewe kwamba uliliona, akiwa bado hai wa kukusikia. Ukishindwa kuwaambia wengine, basi angalau yeye.