Tupokigwe Ahamishia Kwaya Kwenye Seva

Tupokigwe, mzaliwa wa Isongole, alikuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo forodhani, mpakani Tunduma, na mwalimu wa kwaya ya kanisa. Mambo yake yote aliyaweka kwenye faili moja la kompyuta, mfano wa daftari ambalo kurasa zake zinaitana: ukibonyeza jina la wimbo, unaletewa maneno yake. Faili hilo alitembea nalo kwenye flashi, shingoni.

Tatizo lilikuwa kuhifadhi. Kila akisahihisha kitu, kompyuta ilimtolea nakala mpya, na kufikia mwaka 2014 alikuwa nazo kumi na tisa. Siku ya Pasaka soprano waliimba ubeti wa nakala moja, besi wakaimba wa nakala nyingine. Mchungaji aliwasifu kwa ubunifu. Tupokigwe hakuona la kusifiwa.

Akaenda kwa Watson, fundi kompyuta wa karibu na stendi. Watson alimshauri faili likae mahali pamoja: kompyuta kuukuu ya ofisi ya kanisa iwe seva, na wanakwaya wasome kwa simu zao kupitia waifai ya palepale, bila hata intaneti. Akamuuliza ahamishe kurasa zipi. Tupokigwe, aliyekuwa na lori linalomsubiri mpakani, akamwambia ahamishe zote.

Jumamosi wanakwaya wakafungua simu. Badala ya kuimba, wakaanza kusoma. Tupokigwe alikuwa amesahau kwamba humo mlikuwa pia na ukurasa wa kila mwanakwaya, alioandika kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Nesta aliucheka sana wa Andongwisye: "Huimba kwa nguvu ili asijisikie akikosea." Kisha akafika kwenye wa kwake, kicheko kikakatika.

Nathanaeli ndiye aliyesimama. "Dada Tupokigwe, hapa umeandika nakuja mazoezini kukiwa na wali tu. Wali ulipikwa mara mbili, na mara moja niliukosa."

Tupokigwe aliomba radhi, akasema kila mtu arekebishe ukurasa wake, maana Watson alikuwa ameruhusu yeyote kuandika.

Wakarekebisha kweli. Andongwisye alijiandika kuwa nguzo ya besi, chini yake mtu akaongeza, "iliyopinda." Tupokigwe naye alikuta amefunguliwa ukurasa, mrefu kuliko yote. Aliusoma mpaka mwisho, akasahihisha tahajia.

Watson alipotaka kuweka neno la siri, Tupokigwe alikubali kwa nyimbo tu. Kurasa za watu ziliachwa wazi, kwa sababu wiki hizo hakuna aliyechelewa mazoezi: kila mtu aliwahi kuona ameandikwa nini.