Mabaka ya Kahongya na jina la muuza chai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lori la viazi kutoka Kipese linasimama pembeni mwa soko mjini Butembo, na wanawake wabebaji wanalikimbilia kabla dereva hajazima injini. Kahongya hakimbii. Anakunja kitambaa mara nne, anakiweka kwenye paji la uso, kisha anapitisha juu yake mkanda wa kubebea mzigo. Wenzake wanacheka. Anawatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayetaka kujua nani amecheka zaidi.

"Mucheke tu," anasema. "Mi najua kintu niko nafanya."

Anne-Marie Kahongya ana miaka arobaini na mmoja na watoto wanne. Amebeba mizigo tangu akiwa msichana wa miaka kumi na minne: gunia mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, shingo ikivuta. Ndivyo alivyobeba mama yake kule Alimbongo, na mkanda wa kwanza aliurithi kwake. Siku yenye malori mengi alikuwa akipata faranga elfu nane.

Miaka miwili iliyopita ngozi yake ilimgeuka. Mabaka mekundu yaliyovimba yalianzia kiunoni, yakapanda mgongoni, yakashuka mapajani, na mwasho wake ulikuwa wa kumtoa mtu akili. Yaliyotoka asubuhi yalikuwa yametoweka jioni bila kovu, na kesho yake yakaibuka kwingine. Kisha ukaja uvimbe wa uso. Paji lilijaa, macho yakafumba.

"Ilikuwa inanikula sawa siafu," anasimulia. "Nilikuwa najikwaruza na gunzi ya mahindi mupaka damu inatoka."

Butembo imeshapitia magonjwa ya mlipuko, na watu wake wamepimwa joto kwenye vizuizi hadi wakazoea. Katika mji kama huo, mtu mwenye vipele hana siri. Wenye mali ya kubebwa walianza kumpita. Mmoja alimvua gunia mgongoni na kumpa mwingine, bila hata kumtazama usoni. Kazi ikawa inamponyoka, naye akaanza kutafuta wa kumlaumu.

Huku, uso ukivimba bila sababu, neno la kwanza kutajwa ni karuho, sumu ya polepole ambayo mkono wa adui huificha ndani ya kinywaji. Kahongya alikaa akapanga saa zake. Uso ulimvimba kati ya saa nane na saa tisa mchana. Saa saba alikunywa chai. Chai ilikuwa ya Mélanie.

Mélanie ni mke wa mwalimu aliyeletwa Butembo kutoka mkoa mwingine. Alikuwa na meza ndogo karibu na malori, akiuza chai ya tangawizi na mikate ya kukaanga. Kiswahili chake kilichanganyika na Kilingala, na hakuwa na ndugu hata mmoja mjini. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumshuku, kwa sababu hana wa kumtetea.

Na Jumapili, siku ambayo soko lilipumzika, uso wa Kahongya haukuvimba.

"Dimanshi Mélanie hakukuwa, na uso yangu ilikuwa muzuri," anasema. "Ungekuwa wewe, ungetafuta ushahidi gani ingine?"

Basi siku moja, mbele ya wabebaji na wenye mali, alimnyooshea Mélanie kidole na kulitamka lile neno. Tangu saa ile hakugusa tena chai yake. Uso uliendelea kuvimba. Mwingine angejiuliza. Kahongya alisema sumu imekwisha kuingia damuni. Mganga wa mitishamba alimpa dawa ya kutapisha. Alitapika siku mbili, na siku ya tatu akavimba kama kawaida. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini yeye alikuwa bado anapekua nguo za mwenzake.

Aliyemkokota hadi zahanati ya mtaa ni Falonne, binti yake mkubwa. Kahongya alikwenda na chupa yake ya maji kutoka nyumbani, kifuniko amekikaza. Muuguzi Phinées alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja.

"Mama, dimanshi Mélanie hakukuwa. Na nini ingine haikukuwa dimanshi?"

"Misa ilikuwa."

"Nakuuliza yenye haikukuwa, mama."

"Muzigo," akasema.

Phinées alifunga dumu la lita tano kwenye mkanda, akaliangika kwenye bega la kushoto la mgonjwa kwa robo saa, kisha akaliondoa. Akamwambia akae hapo hadi mchana. Walimpa biskuti, akakataa. Walimpa chai, akaiangalia kama nyoka.

"Nilimuchunga mikono saa yote," Kahongya anakiri, akicheka kidogo, "asinipakale kintu ku bega."

Saa nane mchana, pale ulipopita mkanda, pakavimba mstari mwekundu wa moto. Ulikuwa na upana uleule wa uvimbe wa paji lake. Falonne alianza kulia. Kahongya hakulia. Aliomba avuliwe blauzi yote, akaguliwe mgongo, kuona kama hakuna alama ya sindano.

Phinées anaeleza kwamba huu ni ugonjwa wa mabaka ya mwasho uliokuwa sugu, na hauambukizi. Mara nyingi chanzo hakipatikani, mwili wenyewe ndio unaojiwashia moto. Kwa baadhi ya wagonjwa, kitu kinachokandamiza ngozi huuamsha, lakini uvimbe hutokea saa kadhaa baadaye, wakati mzigo umekwisha kusahauliwa. Alimwandikia setirizini, kidonge kimoja kila siku, mwasho uwepo au usiwepo. Alimkataza vidonge vya maumivu alivyokuwa akimeza kwa ajili ya mgongo, kwa kuwa vingine huchochea mabaka. Akamwambia apanue mkanda, auwekee kitambaa chini, apunguze gunia, na akiona ulimi au koo linavimba akimbie hospitali.

"Sikumuahidi kupona," asema muuguzi. "Nilimuahidi kulala busingizi."

Wiki ya tatu alilala. Mabaka bado humtokea, machache, na uso haujafumba tena. Sasa anabeba nusu gunia, na mapato yameshuka hadi faranga elfu tano siku ikiwa nzuri. Analalamika, kisha anasema afadhali elfu tano na macho yanayofunguka.

Lakini Mélanie hakuwepo tena. Wateja walimkimbia ndani ya miezi miwili, na mumewe alipohamishiwa Beni akamfuata. Mwandishi wa habari hizi alimkuta huko Beni, mtaa wa Mulekera, akikaanga mikate karibu na kituo cha pikipiki. Alitaka kuona kitambulisho kwanza. Alikigeuza pande zote mbili.

"Ni ye amekutuma? Ao umekuya kuona kama niko na karuho?"

Alipotulia, alieleza. Kwa desturi ya huku, anayetoa kinywaji hukionja kwanza mbele ya mgeni, ili moyo wa mgeni utulie.

"Nilionjaka kila kopo mbele yao," anasema. "Basi bakasema nakunywaka dawa ya kuzuia ile sumu ku nyumba, mbele ya kukuya. Donc, mutu wa vile utamuonyesha nini? Mwana na ngai, mutoto wangu, walimukataa ku michezo."

Alipoulizwa kama atamsamehe, aligeuza mikate. "Ye hayanitumia neno. Nisamehe nani?"

Kahongya aliposikia hayo, aliinamisha kichwa, na aibu ilionekana waziwazi usoni mwake. Kwanza aliuliza kama Mélanie amenenepa au amekonda. Kisha akakiri kwamba moyo wake haujasafika.

"Sitadanganya. Mwasho ikiamka, jina yake njo inakuya ya kwanza mu kichwa. Muganga Phinées alinionyesha na macho yangu, mais ile jina iko inakuya tu."

Mpango wake ni huu. Jumapili hii baada ya misa wabebaji wana mkutano wao, na amemwomba mwenyekiti wao, mama Syauswa, dakika tano za kusema. Syauswa alimshauri aache. Wanawake watasema muuza chai amemtumia dawa ya kumlainisha roho. Afadhali apande gari, aende Beni kimyakimya, ampe kuku, yaishe.

Kahongya anaupima ushauri huo huku akifungua kitambaa kwenye paji lake. Anatikisa kichwa.

"Nitaenda Beni, na kuku nitabeba. Mais hapa kwanza. Nilimutaya jina mbele ya batu bote. Nikimuomba musamaha ku kisiri, jina yake inabakia huku, yenye kuchafuka, na mi njo nitaonekana mutu muzuri."