Siku Wifi Aliponyokwa na Kijiko

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa kijiko. Kilimponyoka wifi yangu Nyabwire, mke wa kaka yangu, tukiwa barazani kwake mjini, mtaa wa Nyasho, tunakunywa chai.

Nikwambie ukweli: nilikuwaga na wivu naye mpaka kifua kinauma. Miaka sukari ilipoadimika, wote tulikunywa chai chungu, tukavaa kitenge kimoja mpaka kinachanika. Biashara ilipofunguliwa, yeye akauza mitumba hadi Bunda, akajenga, akanenepa. Hata alipoambiwa hospitali ana kisukari, nikaona wivu! Tulikiita ugonjwa wa wakubwa. Nikajisemea, mimi hata ugonjwa wa maana sipati.

Basi, kijiko kikaanguka. Akataka kusema kitu, maneno yakatoka mazito, kama mtu mwenye ugali mdomoni. Mkono wa kulia umelegea mapajani. Mimi nikajua anaringa.

"Ee, wifi! Siku hizi unabana pua? Sisi wa kijijini hutujui tena?"

Nikacheka peke yangu. Baada ya muda mfupi ulimi ukamrudia.

"Sijui nimepatwa na nini," akasema. "Usimwambie kaka yako, atanizuia kwenda mnadani."

Sikusema. Si kwamba nilimtunzia siri, hapana. Nilifurahi kumwona amebabaika.

Siku ya tatu akaanguka mnadani Bunda. Mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Mtaani wakasema karogwa na mwenye wivu, wakanitazama. Hospitali, daktari yeye alimsikiliza shingoni kwa kipimo chake, akasema mishipa ya kupeleka damu kichwani imekuwa myembamba, kisukari kimeiharibu.

"Hakuna siku ulimi ulikuwa mzito, kisha akapona?" akauliza. "Hilo huwa ni onyo. Siku hiyo ndiyo ya kumleta."

Kaka akasema hakuna. Mimi nikatazama sakafu. Nyabwire alinikazia macho, na hakuwa na ulimi wa kunisema.

Nilimlisha uji kwa kijiko miaka yote aliyobaki nayo. Neno lililomrudia sawasawa lilikuwa moja tu: "Wifi."

Kwa hiyo, mwanangu, ukimwona mtu mdomo unapinda, mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito, hata kwa dakika chache, na zaidi akiwa na kisukari, usicheke wala usingoje apone. Mpeleke hospitali saa ileile. Mpeleke hata kama humpendi. Hasa kama humpendi.

Mungu akujalie kufurahia cha mwenzako, na akuepushe na macho niliyotazamwa nayo mimi siku ile hospitali.