Mistari ya Majivu

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani Mutomo kungoja barua ya kazi. Mwezi wa kwanza haikuja, wala wa pili. Mwezi wa tatu vijana wa timu ya soko walinikuta nimeketi nje ya duka la mjomba wangu, wakaniambia kocha wao amehamia Kitui mjini na sasa wananitaka mimi.

"Sijawahi kucheza," nikawaambia. "Hata shuleni nilikuwa mtu wa kuchunga nguo za wachezaji."

"Si umesoma?" akasema nahodha, ambaye alikuwa na bucha pale sokoni. "Mpira ni akili, Mwalimu. Miguu tunayo."

Nilitafuta namna ya kukataa bila kuwaudhi. Nilipata namna tatu, na nilipokuwa bado nachagua, walinishukuru wakaenda zao.

Tatizo la timu ile nililiona siku ya kwanza, na hata leo naamini nililiona sawasawa. Aliyepata mpira alikimbia nao mpaka aupoteze. Hakuna aliyeinua kichwa kuona mwenzake yuko wapi. Alikuwepo mmoja tu wa tofauti, winga wa kushoto, kijana aliyenizidi miaka miwili hivi na aliyekuwa akiuza maji yaliyobebwa na punda wake wanne. Huyo naye hakuinua kichwa, lakini hakuhitaji. Akifika mbele ya beki alijua tu. Mara anaingia ndani, mara anapita nje, mara ameshaachia pasi beki bado anageuka. Siku moja nilimwuliza anajuaje.

"Punda akitaka kukimbia unamwona kwa bega," akasema. "Hata beki ni hivyo."

Jibu lile halikunitosha. Nilitaka kitu kinachoweza kufundishwa watu kumi na mmoja.

Kwa hiyo nikaugawa uwanja sehemu tatu. Chokaa hatukuwa nayo, nikaenda kuomba majivu kwa mama mwenye hoteli.

"Ya nini, mwanangu?"

"Ya mpira, mama."

"Asi! Mimi najua majivu ya kumwaga chooni tu. Haya, chukua."

Kila sehemu ilikuwa na kanuni yake. Ya nyuma: toa pasi upesi. Ya kati: tuliza mpira, inua kichwa, tafuta mwenzako aliye huru mbele, usipomwona, rudisha. Ya mwisho: hapo jaribu, piga chenga au piga goli. Mbuzi walipita kila asubuhi wakiifuta mistari, nami kila jioni niliichora upya. Baada ya wiki mbili nahodha alitoa pasi, jambo ambalo wenzake walisema hawajaliona tangu azaliwe. Tukawafunga Kanyangi mabao mawili. Watu sokoni wakaanza kunisalimia kwa mikono miwili. Nilijiona nina kazi hata kama barua haijaja.

Ndipo ikafika habari kwamba mtu wa timu ya kiwanda kimoja cha Nairobi angekuja kutazama mechi yetu na Ikutha. Alikuwa akitafuta mchezaji mmoja, na mchezaji wa kiwanda hupewa kazi ya kiwanda. Kila mtu alijua ni nani atachukuliwa. Winga mwenyewe alikuwa amekwisha kumwahidi shemeji yake wale punda.

Akaanza kubaki nyuma baada ya mazoezi.

"Mwalimu, nikiwa juu ya laini, hiyo ni ya kati ama ya mwisho?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Niliwaza swali lile mpaka chakula kikapoa. Kesho yake nikampa jibu lenye vipande vitatu, naye akalisikiliza lote akiwa amefunga mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Na kama mguu mmoja uko huku na mwingine uko kule?"

Wenzake wakacheka. "Wewe, kaulize punda!"

Yeye hakucheka. "Kule Nairobi wataniuliza haya mambo," akaniambia. "Sitaki nionekane ni mtu wa maji tu."

Nililiona lililokuwa likitokea. Siwezi kusema sikuliona. Alikuwa akipokea mpira na kutazama chini, atafute mstari, ndipo aamue. Niliwaza nimwambie asahau yote. Kisha nikawaza kwamba kumwambia asahau siku nne kabla ya mechi kutamvuruga zaidi. Kisha nikawaza huenda ndivyo mtu anavyojifunza, kwanza polepole, halafu upesi. Yote matatu yalikuwa na maana. Nikaenda kuchora mistari upya.

Uwanja wa Ikutha haukuwa na mistari yoyote. Hata kingo zake zilikuwa mawe tu. Mtu wa Nairobi aliwekewa kiti kando, akakaa na daftari juu ya goti. Kipindi cha kwanza winga wetu alipata mpira mara tatu, na mara tatu akaurudisha nyuma.

"Muuza maji!" watu wa Ikutha wakapiga kelele. "Mtungi umetoboka!"

Dakika za mwisho hakuna aliyekuwa amefunga. Nahodha akapiga pasi ndefu kushoto, ikamkuta winga peke yake na beki mmoja. Beki yule alikuwa ameegemea upande mbaya. Hata mimi, nisiyejua kucheza, niliona njia imefunguka mpaka golini.

Winga aliutuliza mpira. Akatazama chini, kwenye ule udongo mwekundu. Kisha akainua kichwa akanitazama mimi.

"Mwalimu!" akaita. "Hapa ni wapi?"

Nikafungua mdomo. Kutoka pale niliposimama ingeweza kuwa sehemu ya kati, ingeweza kuwa ya mwisho. Nikimwambia aende naye aupoteze, itakuwa mimi. Nikimwambia arudishe, pia itakuwa mimi. Nilikuwa bado nimefungua mdomo wakati beki alipouchukua mpira, akakimbia nao nusu ya uwanja, akampa mwenzake, na Ikutha wakafunga.

Mwisho wa mechi mtu wa Nairobi alizungumza na beki yule kwa muda, akiandika. Alipokuwa akielekea kwenye gari lake akasimama karibu nami.

"Yule wako wa kushoto," akasema. "Nilikuja kwa sababu yake. Niliambiwa ni moto."

"Ni kweli."

"Mbona anaogopa hivyo?"

Haogopi, ni mimi. Maneno matatu tu. Lakini niliona hayatamweleza kitu, nikaanza mwanzo, jinsi tulivyougawa uwanja. Nikaona ni mbali mno, nikaanza upya kwa punda. Alitikisa kichwa kwa heshima, akatazama saa.

"Ana miguu," akasema. "Mwaka ujao tutaona."

Gari likaondoka nikiwa bado natafuta pa kuanzia.

Tulirudi nyuma ya lori. Winga alikuja kukaa karibu nami.

"Amesema nini?"

"Amesema una miguu."

"Hiyo tu?"

"Na kwamba mwaka ujao wataona."

Lori likavuka mto mkavu. Kisha akanigusa goti.

"Basi tuko na mwaka mzima, Mwalimu. Utanifundisha vizuri."

Nikamwambia ndiyo.