Neno la Ijumaa na Posa Yangu

Naona haya kuusimulia mkasa huu hata leo, lakini nimechoka kuulizwa, kwa hiyo nausema mara moja tupumzike. Shule niliiacha mapema ila kuchungulia mambo sijaacha, na nilipojua kwamba kuna makundi ya simu ambayo ujumbe wake hufungwa kwa ufunguo ulio ndani ya simu za wanakundi tu, nikawahamishia huko jamaa zangu wote (walikuwa wakipanga kwenda kuniposea Mwanasha wa Msambweni, na tapeli mmoja alishajifanya mimi), nikawaonya kwamba ufunguo huijua simu, haumjui aliyeishika, basi kila Ijumaa baada ya swala tupeane neno jipya la siri kwa mdomo, na asiyelijua si mwenzetu.

Jumamosi ya posa mimi niko Lunga Lunga tangu Alhamisi, nashangaa malori yanavyotiwa lakiri mpakani (kazi sina huko, napenda tu kujua), simu yangu imetumbukia kwenye ndoo, nimenunua nyingine kuukuu na kuweka laini yangu ile ile. Mara mjomba Hamisi akaandika kundini, akiwa kwa kina Mwanasha: "Bakari, babake auliza, utatulia hapa au utamzungusha binti yake?" Nikajibu mbio: "Nitatulia." Simu zao zikawaonya kwamba ufunguo wangu umebadilika.

"Neno la jana?" akaandika mjomba.

Sikuwa nalo. Nikapiga, naye akaniweka kwenye spika mbele ya wakwe.

"Shikamoo mjomba, ni mimi."

"Sauti siku hizi huigizwa na mashine, mwenyewe ulitufundisha. Neno?"

"Sikuwepo msikitini, mjomba. Niko Lunga Lunga."

"Wafanya nini Lunga Lunga siku ya posa yako?"

"Naangalia malori."

Chumba kizima kikaangua kicheko, nikamsikia shangazi yangu: "Ndiye huyo! Tapeli gani angesema hivyo?"

Kisha sauti ya babake Mwanasha, taratibu: "Basi nimeshajibiwa."

Wazee wakarudi na sharti lake: kwanza anione Msambweni, kila siku, hadi atakaporidhika mwenyewe. Sasa nasuka makuti kwa jirani yake. Kila asubuhi namwamkia babake Mwanasha, ananiitikia, anapita zake. Jana Mwanasha aliniandikia: "Usiende popote." Siendi. Na mtu asiniulize tena habari za funguo.